Mti Uliorudi Kutoka Makaburini

Picha ilifika makaburini siku ile, ikarudi nyumbani, na mimi mpaka leo sijafika. Kwetu wanawake hawaendi kuzika. Mume wangu alitolewa humu ndani akiwa mabegani mwa wanaume, nikasikia tahalili ikififia kuelekea barabara kubwa ya Frere Town, kisha nikasikia jirani akimwaga maji ya sufuria uani kwake. Hayo maji ndiyo ninayoyakumbuka. Niliwaza kwamba amemwaga mengi mno kwa sufuria moja.

Sikulia. Ni bora niseme mapema, maana wako walioniita jasiri na wako walionong'ona kwamba nina moyo wa jiwe, na wote walinikosea. Mtu akiukalia mguu wake kwa muda mrefu hufa ganzi, akiushika ni kama ameshika mguu wa mtu mwingine. Nilikuwa hivyo mwili mzima, tangu asubuhi nilipomwita mume wangu aje anywe chai asiitike. Watu walinishika mikono, wakanikumbatia, wakaniombea subira, nami nikawaitikia kwa adabu kama ninayejibu maamkizi. Subira nilikuwa nayo tele. Nilichokosa ni kitu cha kukisubiria.

Tulikuwa wawili tu katika nyumba hii. Mungu hakutujaalia mtoto. Mimi nilifundisha hesabu katika shule ya upili huko Changamwe mpaka nikastaafu, naye alikuwa na duka la mabomba na mifereji Kongowea, na sote wawili tulipenda vitu vilivyonyooka. Viatu vilikaa mlangoni vikielekea upande mmoja. Chai ilinywewa saa ile ile, na mazungumzo yake yalikuwa yale yale: bei ya simenti, maji yametoka au hayajatoka, nani ameposwa. Simlaumu. Ndoa yetu ilikuwa njema na kimya, na ungeniuliza kama alikuwa akinitazama, ningekwambia ananitazama kama anavyoitazama saa ya ukutani, ajue tu kwamba ipo. Huko ukutani hatukuwa na picha yoyote, ila kalenda ya msikiti.

Kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba mtu huyu alikuwa ameagiza picha, na mimi mkewe nikiwemo.

Mchoraji wake ni mtu wa Mwakirunge, Mgiriama wa makamo, anayechora vibao vya maduka na maneno ya nyuma ya malori. Mume wangu alimwendea akitaka kibao kipya cha duka. Huko nyuma ya banda lake, nasikia, ndiko mtu yule alikoweka picha zake nyingine, zile ambazo hakuna mwenye duka aliyewahi kuziagiza. Huzichora juu ya mbao za mwembe. Ile aliyoitaka mume wangu ilikuwa mbao tatu zilizounganishwa, ndefu kama mtu aliyelala. Mchoraji akaizungushia shuka nyeupe isipate vumbi la machimbo ya mawe ya huko kwao, akaikaza kwa kamba, akaileta kwa tuktuk. Ikaangukia kuwa ndiyo asubuhi ya mazishi.

Ukiwajua watu wetu utaelewa kilichofuata. Kaburini huwa tunaweka viunza, zile mbao zinazomkinga maiti udongo usimwangukie. Siku ile viunza vilikuwa vimeegemezwa ukutani nje, karibu na hema la wanaume. Mchoraji akafika, akakuta makofia na makanzu na watu wameinamisha vichwa kwa dua, akaona si wakati wa kutaja habari za picha. Akauegemeza mzigo wake pale pale penye mbao, akaenda kuketi nyuma kabisa. Watu wakaona ubao wa urefu wa mtu, umevikwa nguo nyeupe. Wapo wazee wanaojinunulia sanda yao mapema, wakaihifadhi kabatini pamoja na karafuu maiti. Basi mtu nadhifu kama mume wangu, aliyepanga hata misumari kwa urefu wake, angeshindwaje kujitayarishia kiunza? Wengine walimsifu hapo hapo. Kikabebwa pamoja na vingine.

Kaka yangu ndiye aliyeifungua ile shuka kando ya kaburi, walioshuka ndani walipoomba mbao. Ananiambia kwamba imamu aliitazama picha, akayarudisha macho kaburini, akasema, "Leteni mwingine." Picha ikasimamishwa juu ya fungu la udongo, uliokuwa tope kwa mvua ya usiku, na ikabaki pale ikiwakodolea macho mpaka mazishi yakaisha. Mchimba kaburi mmoja alifanya kazi yake yote kwa ubavu kwa sababu hakutaka kuipa mgongo. Lau mume wangu angekuwa amesimama nao angecheka. Alikuwa na kicheko kifupi cha puani ambacho miaka yote kiliniudhi.

Shuka haikuonekana tena. Picha ikarudi nyuma ya pikapu, kaka akaifuta juu juu kwa hankachifu, na kwa kuwa sebule ilijaa sinia na vyumba vilijaa wanawake, akaiingiza chumbani kwangu na kuiegemeza ukutani. Hicho ndicho chumba nilichokalia eda. Sitoki, sijipaki wanja wala manukato, sionani na mwanamume asiye maharimu wangu. Wageni walipopungua, tukabaki mimi, godoro na picha.

Siku za kwanza niliiangalia kama nilivyoangalia kila kitu, yaani macho yalikuwa wazi. Kisha asubuhi moja jua likaingia dirishani likaiangukia, nami nikaona ninachokitazama.

Ulikuwa mti. Kwa shina lake na kwa jinsi matawi yalivyotanda ghorofa kwa ghorofa, ungesema ni mkungu, ule mti wa kungu ulio katika kila ua wa Kisauni. Lakini majani yake yalikuwa masikio. Masikio ya watu, mengi ajabu, ya kijani, mengine makubwa ya kizee yenye vinyweleo, mengine madogo yenye tundu la herini, na mwanga ulipenya ndani yake kwa wekundu ule unaouona masikioni mwa mtoto anaposimama jua likiwa nyuma yake. Mbingu haikuwa mbingu. Ilikuwa mawe ya machimbo, yale meupe ya Mwakirunge, yamekatwa kwa msumeno na kupangwa mpaka juu, na palipochomolewa jiwe moja moja, nyuma yake palikuwa na maji ya bahari yamesimama bila kumwagika. Kwenye tawi la juu alitua yangeyange. Mahali pa mdomo alikuwa na ua la asumini lililofumba, na miguu yake ilikuwa mirefu kupita kiasi, inatambaa kando mpaka inatoka nje ya ubao, usijue imekanyaga wapi.

Ilinitia hofu. Hofu ndiyo iliyokuwa kitu cha kwanza kukihisi tangu mume wangu afe, na niliipokea karibu kwa shukrani. Yale masikio niliyatafutia sababu nikakosa, na mimi kitu kisicho na jibu huniudhi, nimezoea jibu liwe nyuma ya kitabu. Lakini picha ilikuwa nzuri, hapo hakuna ubishi, nzuri kwa namna iliyonifanya nikunje vidole vya miguu. Nikajigeuza ukutani. Baada ya muda nikageuka tena kuangalia kama maji nyuma ya mawe bado yamesimama.

Ikaanza kunivurugia na mambo ya nje. Dirisha langu linatazama mkungu wa jirani, mti niliouona kila siku bila kuuona. Jani lake moja jekundu likaja na upepo likaangukia dirishani, nikaliokota, nikaliinua kwenye mwanga. Lilikuwa na mishipa yake na ukingo wake uliojikunja, na nikajikuta nimenyamaza kwa uangalifu, kama mtu anayejua kwamba anasikilizwa. Mwanamke mzima, mstaafu, analiogopa jani. Nikaliweka chini ya mto na sikumwambia mtu.

Chini ya picha ndipo paliponipoza. Kule juu kote mchoraji alikuwa amevuruga mambo, lakini chini kabisa mizizi ilizama katika udongo, udongo wa kawaida, mwekundu, wenye mchanga, kama huu wetu. Rangi ilikuwa nene pale, na ukiipitishia kidole inakwaruza. Nikichoshwa na masikio nilikuwa nashuka kwa macho mpaka pale, nikapumzika. Nilijiambia kwamba mtu huyu, pamoja na wazimu wake, anajua kwamba mti lazima usimame mahali.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alihamia kwangu ili nisikae eda peke yangu. Ni mwanamke mnene wa mwili na wa sauti, haachi swala, na hunipenda kwa njia ya kunigombeza. Picha aliichukia tangu alipoiona.

"Hini itoke," akaniambia. "Nyumba yenye hini haingii malaika. Na ndugu yangu yuwahitaji dua sasa, si masihara."

"Ni mti, wifi. Mti una neno gani?"

"Mti hauna neno. Na ndege je?"

"Ndege hana mdomo."

"Na masikio?"

"Sikio peke yake lina roho?"

Akalifikiria swali hilo kwa haki kabisa, kwa sababu ni mtu wa haki. "Moja halina," akasema. "Lakini yakikusanyika yote hayo, mimi siyajui."

Akaifunika kwa leso. Akienda jikoni naifunua, akirudi anaifunika, na hatukusemezana juu ya jambo hilo. Tulikwenda hivyo kwa wiki kadhaa. Siku moja nilimwona ameishika leso mkononi, anaitazama picha muda mrefu kuliko unavyohitaji kufunika kitu, kisha akasema astaghafirullah na kuirusha ile leso juu yake.

Kilichomkera zaidi hakikuwa malaika. Alinitolea mwenyewe tulipokuwa tukimenya vitunguu. "Kaburi limeikataa, wewe waiweka chumbani," akasema. "Na kulia hulii. Hata vitunguu hivi mimi vyaniliza, wewe macho makavu. Wallahi mimi naona hini picha imeyanywa machozi yako."

Niliendelea kumenya. Nilikuwa na hofu yangu mwenyewe, kinyume cha yake. Niliogopa kwamba picha ikitoka, hata kile kidogo ninachokihisi nikiitazama kitatoka nayo, na nitabaki mkavu hivi hivi mpaka nami nitolewe mlangoni. Mume wangu tuliyeishi naye umri mzima alikuwa amekufa na mimi sikuweza kumwonea huzuni. Hilo liliniuma kwa akili, kama jambo unalolisoma gazetini.

Wifi ndiye aliyemwita mchoraji. Alimtuma kaka yangu Mwakirunge akamwambie aje achukue mali yake. Akaja baada ya alasiri, tuktuk ikimngoja nje. Hakuweza kuingia chumbani, wala mimi kumtokea, kwa hiyo akawekewa kiti ukumbini na pazia la mlango likashushwa. Mimi nikakaa ndani, ubavuni mwa picha iliyofunikwa. Wifi akakaa mlangoni penyewe, nusu huku nusu kule, kama askari wa mpakani. Chini ya pazia niliona vidole vya miguu ya mgeni tu, na kwenye kucha vilikuwa na rangi ya samawati.

"Shikamoo, mama," akasema. "Pole sana kwa msiba. Na pole kwa yale ya makaburini. Nilikuwako. Niliiona shuka yangu ikipita mbele ya watu, nikashindwa kusema. Niliona haya."

"Marahaba. Yameshapita."

"Kama inawaudhi, naichukua leo. Naweza kuwachorea nyingine, maua tu."

Wifi akasema ndiyo, ichukuliwe leo, na maua pia hayatakiwi. Nikamwomba mgeni aningoje kidogo, nina maswali.

"Kwa nini masikio?" nikamuuliza.

"Sijui, mama. Nilikuwa nachora jani, likatoka sikio. Nikaliacha, nione la pili litatoka nini."

Wifi alishusha pumzi ya mtu aliyethibitishiwa jambo. Nikauliza tena, hili la mume wangu, alitaka nini na kitu kama kile.

"Mzee alikuwa akija kukaa," akasema. "Kibao cha duka kilikwisha zamani, lakini alikuja. Anakaa juu ya debe, tunanyamaza. Siku ya kwanza aliiona ile picha akasema yamtisha. Akaja tena, akasema bado yamtisha. Nikamwambia, basi mzee, usiiangalie. Akasema, la, nataka kumpelekea mke wangu. Akasema wewe ukipata hesabu ngumu huiachi, wakaa nayo mpaka ikubali, na uso wako wabadilika. Alikuwa akijifanya asoma gazeti, akuangalie wewe. Akasema tangu ustaafu hajauona tena ule uso. Ilikuwa ni ya kwako, mama."

Niliyasikia maneno hayo na nikayaelewa yote, na hayakunigusa popote. Nilikaa nikiyangoja yanifikie. Hata wifi alikuwa amegeuka kunitazama. Nikaona aibu kwa ukavu wangu, na kwa kuwa mtu akikuletea jambo kama lile huwezi kumnyamazia, nikasema lililo jepesi.

"Mimi nilipenda pale chini," nikasema. "Ule udongo."

"Udongo upi, mama?"

"Penye mizizi. Ule udongo mwekundu uliouchora."

Vile vidole vya miguu vikatulia. "Mimi sikuchora udongo," akasema. "Mti wangu unaning'inia. Mizizi iko hewani, na chini yake ni mawe meupe tu, mpaka mwisho wa ubao. Mzee mwenyewe aliniuliza kwa nini haugusi chini."

Wifi akaondoka mlangoni. Akaja, akaivuta leso, akachuchumaa pamoja na shida yake ya magoti, akaukwaruza ule udongo kwa ukucha. Ukamomonyoka. Lilikuwa tope lililokauka, na ndani yake palikuwa na ujani mkavu wa ukoka ambao mimi, bila miwani, nilidhani ni mstari wa brashi. Pale ulipobanduka pakaonekana ncha ya mzizi na jiwe jeupe.

Kaka alikuwa ameniambia kwa kinywa chake kwamba picha ilisimamishwa juu ya udongo wa kaburi, nao ukiwa tope. Nilikuwa nimelisikia hilo, na nilikuwa nimepitisha kidole juu ya udongo wenyewe kila siku, na sikuviweka pamoja. Mimi niliyefundisha watoto wa watu kujumlisha.

"Hunu ni mtanga wa kaburini," wifi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni wa ndugu yangu."

Wala yeye hakufika kule. Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Alimbeba mgongoni mume wangu alipokuwa mdogo, alimfundisha kuvaa viatu, na siku ya kumzika alibaki uani akisimamia masufuria. Sasa alikuwa ameukusanya ule unga wa udongo kiganjani, ameufumba, na anatafuta pa kukaa. Nikampisha godoroni.

Niliweka mkono wangu kwenye picha, pale palipobaki. Ulikwaruza, ulikuwa na ubaridi kidogo. Ganzi ikatoka jinsi inavyotoka mguuni, kwa maumivu. Nikamwona na gazeti lake. Nikamsikia akicheka kwa pua. Nililia kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo, nikamwita kwa jina lake, jambo ambalo katika ndoa yetu nililifanya mara chache sana, na wifi hakuninyamazisha kwa sababu alikuwa na kilio chake.

Mchoraji alingoja huko nje ya pazia, maskini, hajui kuna nini. Mwishowe tukamsikia akiuliza kwa upole kama angeweza kuifuta kwa kitambaa na mafuta kabla ya kuichukua.

"Nenda zako, mwanangu," wifi akamwambia. "Tuktuk yako irudi tupu. Na Mungu akuweke."

Eda imekwisha siku nyingi. Picha iko sebuleni, bado inawatisha wageni, na mimi bado sijui kwa nini masikio, ingawa hukaa nayo asubuhi baada ya chai na kuitazama mpaka chai ya pili. Wifi hasemi tena habari za malaika. Akija Ijumaa hutandika msala wake katika chumba kingine, na yamekwisha. Lakini vumbi halivumilii. Huchukua kitambaa kikavu akaanza juu, akampangusa yangeyange na lile ua lake, akafuta mawe, kisha masikio, moja baada ya moja, nyuma na mbele, kama anayewatayarisha watoto kwenda chuo cha Kurani. Akifika penye mizizi na ule udongo uliobaki hukunja kitambaa chake, akakirudisha jikoni.